Nywele za Mwanamke wa Saa Sita

Mwanamke alikaa mbele ya Sornam, akainamisha kichwa, na Sornam alipoinua kopo la maji akakuta nywele zimeshalowa.

Jambo dogo. Katika banda la kunyolea la Mayilkundram, chini ya kilima cha mungu Murugan, kila kichwa hulowanishwa kabla ya wembe kupita, na wapo mahujaji wanaojimwagia maji wenyewe bombani ili wawahi foleni ya ngazi. Ila bomba lilikuwa kavu tangu alfajiri. Ulikuwa mwezi wa Panguni, wa jua kali, bwawa la hekalu limepasuka matope yake kama kisigino chenye magaga, na maji ya kazi yaliletwa na lori, ndoo moja kwa kila kinyozi. Ndoo ya Sornam ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

"Umeoga wapi, dada?" akamuuliza.

"Kwetu."

Sauti ya mtu aliyechoka, basi. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, sari ya kijani iliyopauka, mkononi ana tiketi na ile nusu ya wembe wanayopewa wote mlangoni. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba alikuja peke yake. Wanawake huja kunyoa na ukoo mzima: mama mkwe wa kusimamia, wifi wa kulia, watoto wa kucheka. Tena alikuja saa sita mchana, wakati hekalu kule juu limefungwa, mungu kalala, ngazi za mawe zinababua nyayo, na bandani hakuna mtu isipokuwa vinyozi wachache wanaokula wali wao huku wanasinzia.

Sornam akalifungua shungi. Nywele zikashuka begani, kiunoni, zikafika sakafuni na kujikunja. Tangu hekalu lilipokubali wanawake wanyolewe na wanawake wenzao, alikuwa amekwisha kunyoa vichwa visivyo na idadi, lakini nywele za namna hii hakuwahi kuzishika. Nyeusi, nzito, na baridi. Zilinuka maji ya kisima kirefu, harufu ya jiwe lililoota kuvu mahali pasipofika jua.

"Nadhiri ya nini?" akauliza, kwa kuwa kinyozi huuliza.

"Ya mwanangu. Aliugua, nikamwambia Murugan, mponye nikupe nywele zangu."

"Akamponya?"

"Akamponya. Mimi ndiye niliyechelewa." Mwanamke hakuinua uso. "Mpe zote, dada. Hata mmoja usibaki."

Karibu na sikio wembe uliteleza. Sornam akaona ngozi imefunguka, akabana kwa kidole mara moja kama alivyozoea, akasubiri damu. Haikuja. Kidonda kilikaa wazi, cheupe ndani kama nyama ya nazi, na mwenyewe hata hakushtuka. *Damu haba,* Sornam akajiambia. *Wanawake wa vijijini hawali.* Akampaka liwa ya msandali kichwa kizima, akipita juu ya kidonda upesi upesi.

Hujaji akishanyolewa huenda kuoga, kisha hupanda ngazi. Mwanamke yule alisimama, akatoka, akashika njia ya kuteremka.

"Na yule bibi mbona anashuka?" akauliza Rasathi, kinyozi mwenzake, mdomo umejaa wali. "Au mungu wake anakaa stendi?"

"Labda kasahau viatu."

"Kama ni viatu, keshaibiwa. Mwache aende akajionee."

Rasathi akacheka, akarudi kulala. Sornam akabaki na zile nywele mapajani, akazisuka msuko mmoja.

Nywele za nadhiri ni mali ya mungu. Hutumbukizwa katika sanduku la chuma lenye mwanya juu, halafu halifunguliwi ila mbele ya wakubwa wa hekalu. Kwenye ukuta wa chini ya ngazi mfalme wa zamani aliamuru ichongwe kwamba atakayechukua kitu cha mungu wa kilima hiki ni sawa na aliyeua ng'ombe ukingoni mwa mto mtakatifu wa Ganga. Maandishi yenyewe yamelika na hakuna anayeweza kuyasoma, lakini hakuna mtoto wa mtaa wa vinyozi asiyeyajua kwa moyo. Rasathi hata kitana akikiokota huapa, "Nimeua ng'ombe!"

Lakini Sornam alikuwa na Kayal. Mtoto wake wa pekee, miaka ishirini na mbili, baba yake amekwisha kufa. Homa ya matumbo ya mwaka uliopita ilimpukutisha nywele, na zilizoota baada yake zilikuwa nyepesi kama za mtoto mchanga. Siku upande wa mume ulipokuja kumwona, shangazi wa bwana harusi alimwinua msuko kwa vidole viwili mbele ya watu wote. "Hizi nywele," akasema, "au mkia wa panya?" Watu walicheka. Kayal naye alicheka, kisha siku mbili hakula. Na harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Sornam akajizungushia msuko kiunoni chini ya sari, akakusanya nywele za vichwa vya asubuhi zilizotapakaa sakafuni, akazitia katika sanduku. Njia nzima ya kwenda nyumbani, katika jua lile la kukaanga, tumbo lilimtetemeka kwa baridi.

Aliziosha kwa unga wa shikakai, akazianika uani. Mwezi ule nguo ilikuwa inakauka hata hujamaliza kuanika ya pili. Jioni nywele zilikuwa zinadondoka maji. Kesho yake zilikuwa zinadondoka maji. Siku ya tatu, chini ya kamba, kwenye udongo uliokuwa mgumu kama kigae, paliota ukoga wa kijani ukubwa wa kiganja.

"Mama, umezitoa wapi?" Kayal akauliza.

"Kwa dalali wa mjini."

"Mbona hazikauki?"

"Ni nene mno. Waache wakuonee wivu basi, usinihoji."

Siku ya nne alichoka kungoja. Akamkalisha binti yake chini mbele ya kioo, akauunga ule msuko mbichi kwenye nywele zake kwa uzi mweusi, akakaza fundo. Fundo lilipokaza, nywele zikakauka. Zilikauka mkononi mwake, kwa pumzi moja, toka juu mpaka ncha, akahisi uzito wa maji ukiondoka kama mtu aliyepokonywa kitu. Akaziachia.

Kayal akageuza shingo huku na huku. Alipendeza, hilo halikuwa na ubishi. Aliwaka.

"Mama, mbona unalia?"

Sornam akajigusa shavu. Hakuwa anajua.

Usiku Kayal alikataa kufunguliwa, akasema anataka kuzizoea. Asubuhi Sornam alimwita, akamwinamisha mapajani, akatafuta uzi. Akapekua kwa vidole vyake vya kinyozi, safu kwa safu, kuanzia kisogoni mpaka utosini. Uzi haukuwapo, wala fundo. Kila unywele ulikuwa umetoka katika ngozi ya kichwa cha mwanawe, na mzizi wake.

"Unavuta, mama," Kayal akasema taratibu. "Unaniumiza."

Kuanzia hapo saa sita ya mchana ikawa saa mbaya katika nyumba ile. Jua likifika utosini, mtaa mzima ukajifungia ndani, Kayal alitoka akaketi kwenye ukingo wa kisima cha jirani, akazimwaga nywele, akachana huku anatazama chini. Alikunywa mtungi mzima wa maji akaomba mwingine. Wali ukaanza kunuka kuvu. Sornam alipokuwa akirudi kazini alikuta nyayo mbichi kutoka mlangoni mpaka chumbani, na Kayal kakaa miguu mikavu, anamenya vitunguu, anamuuliza vipi huko kazini.

Halafu kikaja kitu cha bembea.

Sornam alirudi mapema kwa sababu maji ya lori yalikuwa yamekwisha, na kabla hajavua viatu alisikia boriti ya chumbani inalia, kwii, kwii, mlio ambao mwanamke yeyote wa nchi ile anaujua hata akiwa usingizini, mlio wa sari iliyofungwa boritini kumbembelezea mtoto. Akasogea. Kayal alikuwa amesimama gizani, dirisha limefungwa, anaisukuma bembea kwa mkono mmoja na kuimba wimbo wa kulaza mtoto ambao Sornam hakumfundisha.

"Kayal. Umemlaza nani humo?"

"Shh." Binti hakugeuka. "Usimwamshe. Ana homa."

Sornam akatazama kwenye ile sari yake mwenyewe ya harusi, iliyofungwa kwa fundo ambalo yeye hulifunga vingine, akaona kitambaa kimevutika chini kama kinavyovutika kikibeba uzito, na uzito wenyewe unajigeuza, unatafuta mkao, akapeleka mkono polepole huku moyo unamwambia usiguse, usiguse, akapanua nguo kwa vidole na ndani mkawa hamna kitu, mtupu mpaka chini, lakini kiganja chake kilichokuwa kimegusa kitambaa kikaungua, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha moto, moto wa paji la uso la mtoto mwenye homa ya siku nyingi.

Alitoka mbio mpaka kwa Rasathi, akamweleza yote kwa pumzi moja, tangu mwanya wa sanduku.

Rasathi akajitanda sari yake. "Umeua ng'ombe kweli, dada," akasema. "Ngoja nikamlete Mzee Sudalai."

Mzee Sudalai alikuwa muuza tambuu karibu na stendi, mtu mfupi mwenye meno mekundu, na watu walimjua kwa kigoma chake kidogo chenye kiuno chembamba. Mwenye pepo akiletwa kwake, alikipiga mpaka pepo aseme jina. Kisha alikata shungi la mgonjwa na kulipigilia misumari kwenye mkwaju ulio nje ya mji. Shina la mkwaju ule lilijaa mashungi ya watu kama kifua cha dubu.

Alikuja Jumanne pamoja na Rasathi, saa sita hiyo hiyo, na ndimu, majani ya mwarobaini, msumari na nyundo. Akamkalisha Kayal katikati ya chumba, akampaka majivu kipajini, akaanza kupiga. Aliipiga ngoma polepole, halafu haraka, halafu haraka zaidi, mpaka kichwa cha Kayal kikaanza kuzunguka na zile nywele zikafagia ukuta hadi ukuta, zikiacha michirizi ya maji juu ya chokaa.

"Sema jina! Unatoka wapi?"

"Sempakam." Sauti ilitoka chini, karibu haisikiki, ya mtu aliyechoka. "Wa Karisalpatti."

"Umefuata nini kwa binti wa watu?"

"Sikumfuata yeye. Nimefuata nywele zangu."

Mzee akapunguza mkono. "Eleza."

Akaeleza kwa kunong'ona, na wote watatu wakajikuta wameinama kusikiliza. Mwanawe alipona. Yeye akafunga safari aje anyoe, mama mkwe akasema subiri kwanza harusi ya shemeji yako ipite, usitutie aibu kwenye picha na upara. Harusi ikapita. Wakasema subiri mavuno. Mavuno yakapita. Mtoto akaanza kuchemka upya. Siku hiyo mchana hakumsikiliza mtu. Alikwenda kisimani ajimwagie maji apate kuja mlimani kwa miguu, na jiwe la ukingoni lilikuwa na ukoga.

"Nikaja hivyo hivyo nilivyo," ikasema sauti. "Nikazitoa. Mlango wa juu sikuweza kuupita, lakini nywele zingepita. Mbona homa ya mwanangu haijashuka? Mungu hajaona kitu. Nani kazichukua?"

Sornam akaangalia sakafu. Mzee Sudalai akaiweka ngoma chini, akaanza kurudisha ndimu zake kwenye mfuko.

"Mzee!" Sornam akamshika mkono. "Hujamtoa!"

"Simtoi."

"Nimekuita kwa ajili gani basi?"

"Mimi napigilia misumari wanaoonea watu," mzee akasema. "Huyu kaibiwa. Na mwizi ndiye aliyenikaribisha chai. Zirudishe, mama. Zote, kwa mkono wako. Mtoto wa watu anaungua huko."

"Harusi ni Jumatatu! Watamwoa vipi na upara? Watamtema!"

"Hilo nenda kazungumze na mungu wako. Mimi ni muuza tambuu."

Ndipo Kayal akainua uso. Maji yalikuwa yanamtoka katika mstari wa nywele na kumtiririka machoni, na sauti safari hii ilikuwa yake, nyembamba, ya mtoto aliyeamshwa vibaya.

"Mama, kichwani mwangu tuko wawili. Ninyoe."

Hawakungoja jua lishuke. Banda lilikuwa tupu. Rasathi akasimama mlangoni kuwazuia wanaopita, na Sornam akamkalisha mwanawe mahali pale pale pa kazi, akavunja wembe mpya. Alivyokuwa akinyoa ndivyo nywele zilivyorudia ubichi wake, kila shungi lililoanguka likipiga sakafu kama nguo iliyotolewa kwenye beseni, maji yakienea, yakitafuta mfereji, yakimlowesha magoti, na yeye ananyoa tu, anajaribu kutenganisha, hizi za yule na hizi nyepesi za mwanangu, hizi za yule na hizi za mwanangu, mpaka akaona hakuna tena cha kutenganisha, akapitisha wembe pote. Hakubakisha hata mmoja.

Akazibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye sanduku, akaingiza ncha katika mwanya. Hakuhitaji kusukuma. Zilivutwa. Zikapita kati ya vidole vyake kwa haraka ya kamba ya kisima ndoo inapoangukia maji, na zilipokwisha banda likanuka liwa na moshi wa ubani tu, kama siku zote.

Kayal alilala usingizi mzito mapajani mwa mama yake, kichwa cheupe, paji la uso limepoa. Saa kumi tarumbeta za hekalu zilipolia na milango kufunguliwa, walipanda ngazi pamoja, wakasimama mbele ya Murugan. Sornam aliomba msamaha mpaka sauti ikamkauka.

Shangazi wa bwana harusi alikuja Alhamisi, akamtazama Kayal kichwa, akasema watu wa kwao hawaoi watawa. Sornam alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, na aliporudi ndani alishangaa kuona kwamba haimuumi. Mwanawe alikuwa anakula. Nyumba ilikuwa inanuka vitunguu na mafuta ya nazi. Saa sita ilikuja ikapita, na Kayal hakutoka kwenda kisimani.

Jumapili, akifua nguo, Sornam aliikuta blauzi ya Kayal imekauka na kukakamaa kifuani, madoa mawili, kila upande moja. Akainusa. Akainusa tena. Yalikuwa maziwa.

Akairudisha majini, akaifua upya. Jioni Kayal akasema, akiwa anachambua dengu. "Mama, twende Karisalpatti kesho. Tukamjulie hali yule mtoto, basi."

Sornam akakubali. Naye alikuwa na maneno ya kuwaambia watu wale, na asingepata amani asipoyasema. Walipanda basi la asubuhi, saa tatu za vumbi na mashamba ya pamba, na waliposhuka alitaka kumuuliza njia mwenye kibanda cha chai. Kayal alikuwa ameshatangulia. Alikwenda mbele na sari yake imefunika upara, akakata kushoto penye tangi la maji, akapita kisima kilichozibwa kwa mbao mpya bila kukitazama, akaingia uani kwa watu bila kubisha hodi.

Bibi mmoja alikuwa anapepeta mchele. Kando yake, kwenye mkeka, amekaa mtoto wa kiume wa miaka mitatu, mifupa mitupu, anakula idli ya mchele kwa pupa ya mtu aliyekosa chakula siku nyingi.

"Salama, mama," Sornam akaanza, viganja vimekutana kifuani. "Sisi tunatoka Mayilkundram. Nimekuja kwa habari ya marehemu mkwe wako..."

"Leo ndiyo kwanza anakula," bibi akasema, kama aliyekuwa anangoja mtu wa kumwambia. "Homa imemwachia Jumanne mchana. Tulikwisha kukata tamaa." Kisha akamtazama Kayal. "Na huyu ni nani?"

Sari ilikuwa imeteleza ikamwangukia Kayal mabegani. Mtoto akainua macho, akakitazama kile kichwa kitupu, akautazama uso ambao hajawahi kuuona. Akaiacha idli.

"Mama!"

Alikimbia. Kayal akachutama, akampokea, akampachika kiunoni kwa mkono mmoja kama mtu aliyeuzoea uzito huo, akamfuta kamasi kwa ncha ya sari. Akamnong'oneza jina sikioni, jina ambalo hakuna aliyelitaja pale, na mtoto akacheka. Ungo ukamtoka bibi mikononi, mchele ukamwagika ua mzima.

"Kayal," Sornam akaita. "Kayal, mwanangu. Mrudishe mtoto kwa bibi yake. Twende nyumbani."

Kayal akamgeukia. Akamtazama kwa upole, kwa adabu, vile mwanamke mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyetembea juani.

"Karibu ukae, shangazi," akasema. "Ngoja nikuletee maji."

Akaingia ndani na mtoto kiunoni, na wale wawili waliobaki uani wakamsikia, gizani mle, akichota mtungini.